Nililikata Gauni la Msiba

Siku tuliyomzika mume wangu, historia yake ilisomwa na kaka yake mkubwa, amesimama kando ya jeneza, nyumbani kwao Matembwe. Zilikuwa karatasi mbili zilizochapwa kwa kompyuta. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, wanawake wamenishika mabega huku na huku, na nilisikiliza kila neno. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiswahili. Hata siku ile masikio yangu hayakuacha kazi yao.

Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara. Alisoma hadi darasa la saba, akajifunza ufundi wa magari, akahamia Makambako na kufungua gereji. Alijenga nyumba nzuri kwa jasho lake. Alipougua figo, ndugu zake walimuuguza kwa upendo mkubwa hadi Bwana alipomtwaa. Ameacha mama, mjane na watoto watatu.

Basi nikawa nimeingia hapo, mwishoni, kati ya mama mkwe na watoto. Miaka kumi na tisa ya ndoa nilipewa neno moja, na neno lenyewe nilikuwa nalo kwa siku tatu tu.

Matofali ya nyumba ile tuliyafyatua sisi wawili, kiangazi kizima, bondeni nyuma ya shule ninayofundisha. Yeye alikanyaga udongo, mimi nilijaza kalibu na kupindua. Siku ya kuchoma tanuru aliitwa kwenda kutengeneza lori lililokwama barabarani, nikachochea moto peke yangu na mimba ya mtoto wa pili tumboni. Na habari ya kuuguzwa: mwaka mzima na zaidi nilikuwa nampeleka hospitali, namrudisha, namwosha, nampikia chakula kisicho na chumvi, yeye ananung'unika kwamba hata ng'ombe wanapewa chumvi. Ndugu zake walikuja mara mbili. Mara ya pili niliwaita mimi.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilimfuata shemeji chini ya paa la jikoni, alikokuwa anaota moto.

"Shemeji, ile historia ina makosa."

"Makosa gani?"

"Nyumba tuliijenga wote wawili. Na aliyemuuguza ni mimi."

Hakukasirika. Angekasirika ningemwelewa. Alitabasamu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Shemeji, historia ya marehemu inaandikwa na ukoo wake. Ndivyo ilivyo. Wewe nawe yako itaandikwa siku yako ikifika."

Nilirudi Makambako na maneno hayo. Siku yangu ikifika! Kumbe nisubiri nife ndipo niandikwe. Na nikishakufa, kalamu ataishika nani? Yeye yule.

Asubuhi ya mazishi kule Matembwe, wifi yangu, dada yake marehemu, alikuwa amenivalisha gauni jeusi. Kwao mjane huvaa nyeusi mwaka mmoja, na mwaka ukiisha ukoo hukutana, hufanyika ibada, gauni linavuliwa na kuchomwa moto. Wifi ni fundi cherehani, alilishona mwenyewe: refu, la pamba nzito, mikono hadi kwenye vifundo, kola imebana shingo. Sikulikataa. Naomba hilo lieleweke, maana baadaye yamesemwa mengi. Nilimpenda mume wangu, na nilitaka watu wanaponiona wajue nimepoteza nini. Nilishonesha la pili Makambako kwa ajili ya kubadilisha, nikawa navaa hili leo na lile kesho. Darasani chaki iliyaandama hayo magauni. Kila nikigeuka kutoka ubaoni nilikuwa na alama nyeupe kifuani.

Nilianza kuandika mwezi wa pili. Wanafunzi wakishaondoka saa tisa, nilikuwa nabaki darasani, nakaa kwenye dawati la mbele, lile dogo, magoti yanagonga mbao zake. Niliandika kwenye madaftari ya kawaida ya shule. Sikuanza na kuzaliwa kwake wala kwangu. Nilianza na siku tulipokutana, alipokuja shuleni kutengeneza pampu ya maji akaniomba nimshikie tochi, nami nikamulika kila mahali isipokuwa alipokuwa anataka. Niliandika matofali. Niliandika alivyokuwa anaimba vibaya kanisani kwa sauti ya nne na hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kumnyamazisha. Niliandika tulivyogombana, maana tuligombana. Kuna mwaka alikunywa ulanzi, pombe ile ya mianzi, hadi nikarudi kwetu wiki tatu. Niliandika ugonjwa, siku kwa siku, jinsi ninavyokumbuka. Nilipomaliza, madaftari yalikuwa saba na gauni langu lilikuwa limeanza kupauka mabegani kuwa kama kahawa.

Nikayapeleka kwenye duka la vifaa vya ofisi, pale Makambako. Nilimwambia mama mwenye duka nataka kitabu. Si ripoti, kitabu.

"Tutakutolea kopi, tutabana kwa spairo," akasema, akanionyesha moja iliyokuwa kaunta, ya kikundi fulani cha kina mama. Nilipoifungua, ukurasa wa kwanza ukachomoka ukabaki mkononi mwangu. Akaupokea, akaurudisha kwenye meno ya plastiki kama vile hakuna lililotokea.

"Nataka jalada gumu," nikasema. "La kitambaa. Kama Biblia za zamani, kama tenzi za bibi zetu."

"Mama, hizo zinafanywa na mashine huko mijini. Na ni za watu wa chuo." Akayaangalia madaftari yangu, akaangalia gauni langu. "Hii ni kumbukumbu ya nyumbani tu, si ndiyo? Spairo inatosha."

Sijui ni neno gani lililonichoma zaidi, "nyumbani" au "tu". Nikayakusanya madaftari yangu. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu nilipofika mlangoni aliniita. Akasema kuna sista mmoja mzee, kwenye misheni ya Wakatoliki upande wa Njombe, aliyekuwa anashona vitabu vya misa kwa mkono zamani. Kama bado yupo.

Alikuwepo. Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwenye banda la nyuma, amevaa sweta mbili kwa baridi ya mwezi wa sita, anabandika mgongo wa kitabu cha nyimbo kilichochanika. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo na kupinda, lakini havikutetemeka. Nilijitambulisha, nikasema mimi ni Mluteri, nisije nikaonekana nimejificha.

"Gundi haiulizi dhehebu," akasema. "Umeleta nini?"

Alifungua daftari moja katikati, akasoma ukurasa mzima huku mimi nimesimama. Akageuza, akasoma mwingine. Kisha akalifunga.

"Haya hayawezi kushonwa, karatasi zake ni nyepesi mno. Utanunua karatasi kubwa, utazikunja, utaandika upya. Zote."

"Zote, Sista?"

"Unataka kitabu au hutaki?"

Nilinakili madaftari saba kwa wiki saba. Mchana uleule, dawati lilelile. Kunakili kulinisaidia, maana nilifuta malalamiko mengi yasiyo na kazi, yakabaki mambo. Halafu kila Jumamosi nilikuwa napanda gari la Njombe na kwenda kwenye banda la Sista.

Alinifundisha kukunja karatasi nne nne na kuziingiza moja ndani ya nyingine, akaita kila fungu mkunjo. Alinifundisha kutoboa matundu kwenye mstari wa kunjo kwa sindano nene iliyochomekwa kwenye kipande cha gunzi, na kushona mkunjo mmoja hadi mwingine kwa uzi uliopakwa nta. Nilipovuta uzi kwa nguvu ukakata karatasi, alinipiga kidogo kwenye mkono na rula.

"Wewe Mluteri, unamshonea nani kwa hasira hivyo?"

"Kaka yake marehemu," nikasema kabla sijafikiri.

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaniambia nifumue, nianze tena. "Hasira ni nzuri kwa kuanza kazi. Kushonea haifai."

Siku hiyo ndipo nilipouliza kwa nini tushone, tusigundishe tu mgongoni, ingekuwa haraka. Alichukua mkunjo mmoja mtupu akanionyesha. Ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho wa mkunjo ni karatasi moja. Uzi umepita katikati yake. Ukichana mmoja, mwenzake upande wa pili anabaki hana mshiko, atadondoka. "Kwa hiyo kitabu cha kushonwa hakikubali kunyofolewa kimyakimya," akasema. "Kitaonyesha tu." Nikashona mikunjo yote kumi na miwili.

Mbao za jalada tulizipata kwa kununua mafaili mawili ya boksi na kuyachuna karatasi ya nje. Ndani yake mna kadibodi ngumu, iliyonyooka. Tulizikata kwa kisu cha fundi viatu, mbili kubwa na kipande chembamba cha mgongo. Ikabaki kitambaa. Nilikuwa nimenunua kitambaa cha kijani sokoni Makambako, kinang'aa. Sista alikivuta huku na huku kikatanuka kama mpira.

"Hiki ni nailoni. Gundi haitakishika. Kitambaa cha kitabu kiwe cha pamba, kizito, kimefuliwa mara nyingi mpaka kimekoma kusinyaa." Akaushika mkono wa gauni langu, akausugua kati ya vidole viwili. "Kama hiki."

Kisha akauachia upesi. "Nisamehe, mama. Nimesema kama fundi."

"Hujakosea, Sista," nikasema.

Gari la kurudi Makambako siku ile lilikuwa kama halina watu. Nilikaa dirishani nikiliangalia lile gauni magotini mwangu. Lilikuwa la wifi, lile la kwanza. Nililivaa siku tuliyomfukia. Nililivaa nikifundisha viambishi na ngeli, nililivaa nikiandika kila neno lililokuwa kwenye mfuko wangu. Na zilibaki wiki tano lichomwe moto. Nikajiuliza: linachomwa la nani? Machozi yaliyomo ni ya nani?

Nilipofika nyumbani nililifua, nikalianika, nikalipiga pasi. Siku ya pili, Jumapili baada ya ibada, nilikaa barazani mchana kweupe, majirani wanapita, nikafumua mshono wa kwapa. Nilitaka wanione. Mkono wa kushoto ulipotoka nilisimama kidogo, nikatazama huku na huku kama mtu anayeiba. Nikajisemea: unaiba cha nani? Nikaushika mkasi, nikalikata gauni kuanzia kiunoni kwenda chini. Pamba nzito hutoa sauti ikikatwa. Jirani mmoja alisimama kwenye ua, akaangalia, akaenda zake bila kunisalimia.

Jaribio la kwanza nililiharibu. Nilikuwa na haraka, nikachukua kitambaa cha mbele ya sketi, nikapaka kadibodi gundi nyeupe ya maseremala, nikalaza kitambaa juu yake. Gundi ikapenya. Ikatokea upande wa nje mabaka meupe juu ya nyeusi, kama ugonjwa wa ngozi, na kila nilivyoyafuta ndivyo yalivyoenea. Nilibandua, kikachanika. Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia siku za karibuni zote. Kilikuwa kimebaki kitambaa cha nyuma tu, na kila mtu anajua nyuma ya gauni la mwalimu huchakazwa na kiti.

Sista alipoona mabaka yale alisema, "Umerukia mbele. Kitambaa kinataka fulana kabla ya shati."

Tulipika uji wa unga wa ngano, mwepesi, tukauchuja mabonge. Tukakilaza kitambaa cha nyuma juu ya meza, uso chini, tukakinyunyizia maji na kukinyoosha kwa viganja mpaka hakuna kunyanzi. Juu yake tukalaza karatasi nyembamba iliyopakwa uji, tukaisugua kutoka katikati kwenda pembeni kwa mpini wa kijiko. Ikakaa siku mbili ikakauka, ikawa kitu kimoja: kitambaa mbele, karatasi nyuma, hakuna gundi itakayopenya tena. Ndipo tukapanga zile mbao juu yake, tukaacha nafasi ndogo kila upande wa mgongo ili jalada liweze kufunguka, tukaacha vidole viwili vya kitambaa kuzunguka pande zote. Pembe nilizikata mshazari mimi mwenyewe. Sista alishika mikono yake nyuma makusudi, asinisaidie.

"Juu na chini kwanza," alisema tu. "Kisha pembeni. Bonyeza pembe kwa ukucha."

Nilibonyeza. Pembe tatu zilikaa vizuri. Ya nne ikafanya kakunjo kadogo, na kapo hadi leo.

Mgongo wa mikunjo tuliupaka gundi na kubandika kipande cha chandarua kuushika. Mwisho tukaingiza mikunjo ndani ya jalada, tukabandika karatasi za mwanzo na za mwisho, tukafunga. Sista alinikataza kulifungua. Tulililaza katikati ya mbao mbili na juu yake tukapandisha gunia la viazi la jikoni kwa masista. Kwa baridi ile ya Njombe, alisema, lisiguswe siku nne. Likikaushwa kwa moto litapinda kama kigae. Nilirudi siku ya tano, nikitoka shuleni. Sista mwenyewe ndiye aliyelitoa, akalifuta vumbi la viazi, akanikabidhi kwa mikono miwili kama wanavyokabidhi vitu madhabahuni. Lilikuwa jeusi, zito, limenyooka. Sehemu ya chini kwenye mgongo kitambaa kimepauka kidogo kwa kukaliwa. Sikuandika chochote juu. Nilikataa hata karatasi ya jina.

Wiki moja kabla ya siku ya ibada wifi alipiga simu.

"Wifi, usisahau kuja na gauni lile nililokuvalisha. Hata kama umevaa hilo jingine. Lile ndilo la kuchoma."

"Nitakuja nalo," nikasema. Sikudanganya.

Matembwe tulikusanyika uani, watu wa ukoo na majirani, asubuhi ya jua baada ya ukungu kupanda. Mchungaji aliongoza sala fupi, akasoma zaburi, akaondoka mapema kwa sababu alikuwa na mazishi kijiji cha pili. Moto ulikuwa umeshawashwa kando ya zizi. Wifi alisimama na gauni jipya la rangi ya machungwa mkononi, alilonishonea, zuri. Sina budi kusema lilikuwa zuri.

"Haya, liko wapi?" akauliza.

Nikatoa kitabu kwenye mkoba. "Hili hapa."

Hakuelewa. Alikishika, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya kitambaa. Fundi cherehani huijua kazi yake. Nikamwona anaielewa pamba ile kwa kidole kabla ya macho.

"Umelikata?"

"Nimelikata."

"Gauni la msiba umelikata! Mkosi huu utampata nani? Watoto wa kaka yangu?"

"Hakuna mkosi, wifi. Hili nililovaa nalichoma sasa hivi, nililishonesha mwenyewe. Lile nimelitumia."

Shemeji alisogea. Akakichukua kitabu kwa wifi, akakifungua, akaona mwandiko. Hata waliokuwa wanapika waliacha miiko wakasogea.

"Nini hiki?"

"Historia."

"Historia ya marehemu ilishasomwa."

"Ile ilikuwa ya marehemu," nikasema. "Hii ni yetu wawili. Naomba nisome ukurasa mmoja, kisha mnivue."

"Hapana," akasema. "Hiyo si desturi."

Nilinyoosha mkono akanirudishia kitabu, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini nacho mbele za watu. Sikungoja ruhusa. Miaka yangu yote nimesoma kwa sauti mbele ya watoto themanini katika chumba kimoja, sauti ninayo. Nikasoma ukurasa wa matofali. Nilisoma jinsi alivyokanyaga udongo huku anaimba, na jinsi siku ya tanuru nilivyokaa nachochea moto peke yangu, na alivyorudi amejaa oili hadi kwenye nyusi akapiga magoti mbele ya tanuru akasema, "Mama watoto, nyumba hii ikianguka nitajua ni upande wangu." Mtu mmoja akacheka huko nyuma. Walimjua, ndivyo alivyokuwa anaongea.

Wifi hakungoja nimalize. Alilitundika gauni la rangi ya machungwa kwenye nguzo ya zizi, akaingia ndani, na hakutoka hadi tulipoondoka. Basi nilivuliwa na shangazi wa marehemu, nikachoma lile nililoshonesha Makambako, nikavaa la machungwa. Walikula waliokula. Wengine waliondoka bila kunawa mikono. Sikuomba radhi kwa mtu yeyote, na sijaomba hadi leo.

Mwezi uliofuata shemeji alikuja Makambako. Alikuja peke yake, akakaa sebuleni, akanywa chai, akazungumzia bei ya mbao na mvua. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba amesikia kitabu kinasomwa. Kweli, walimu wenzangu walikuwa wamekiazima, na dada mmoja wa kwaya.

"Sina neno na matofali," akasema. "Lakini nimeambiwa kuna ukurasa wa hospitali. Kwamba tulikuja mara mbili."

"Upo."

"Utoe huo. Mengine yote abaki nayo anayetaka."

Nikakileta. Nikaufungua ukurasa ule mbele yake, nikamwonyesha mstari wa uzi. Nikahesabu karatasi kwenda upande wa pili wa mkunjo, nikamwonyesha mwenzake. "Shemeji, nikichana huu, huu nao utadondoka." Na ule wa pili, kwa jinsi mambo yalivyojipanga yenyewe, ulikuwa ule ambamo nilieleza jinsi yeye alivyouza mbao zake ili mdogo wake apate kujifunza ufundi. Aliusoma. Aliusoma taratibu sana, midomo inacheza.

"Hii ulijuaje?"

"Aliniambia. Hakusahau."

Nilimwambia tu kwamba kama anakumbuka vingine, aandike. "Karatasi ninazo, sindano ninayo. Nitakushonea mwenyewe, shemeji. Lakini changu sichani."

Alikifunga, akakiweka mezani, akaaga. Hajaandika. Tunasalimiana vizuri kwenye harusi na misiba, na habari ya ukurasa hajaitaja tena. Wifi bado hanipigii simu. Salamu zake hupitia kwa watoto.

Aliyekuja kukaa nami ni mama mkwe. Macho yake yana mtoto wa jicho, akaletwa Makambako asubiri zamu ya kufanyiwa upasuaji. Siku ya kwanza, baada ya "kamwene", salamu ya kwao, na kuota moto, aliniambia, "Lete kile kitabu walichokigombania." Alikipapasa kwanza, pande zote, akagusa ile pembe yenye kakunjo akakarudia mara mbili. Halafu akajifunika shuka miguuni. "Soma."

Nikawa namsomea kila mchana nikitoka shule. Alisikiliza ulanzi, alisikiliza magomvi, alisikiliza hospitali. Nilipofika mahali pa ng'ombe, yule ambaye mama mkwe alimuuza ili mwanawe anunue spana za kwanza, alinyanyua mkono.

"Umesemaje hapo? Ng'ombe wa rangi gani?"

"Mweusi, mama."

"Alikuwa mwekundu."

"Yeye aliniambia mweusi."

"Yeye alikuwa mtoto. Ng'ombe alikuwa wangu. Andika."

Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni mwa ukurasa: Mama anasema alikuwa mwekundu. Nikamsomea.

"Ile ya mweusi umeifuta?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Ndivyo alivyonisimulia."

Alitikisa kichwa, akavuta shuka hadi magotini. "Una kichwa kigumu wewe," akasema. "Haya. Endelea."